Pampu ya Joto Uingereza: Namna ya Kujua Kama Nyumba Yako Inaifaa Kabla Hujamwita Fundi

Kila baridi ikikaribia maswali huwa yale yale. Hii pampu ya joto inafanya kazi kweli wakati wa theluji? Bili itashuka au itapanda? Nitalazimika kubadilisha redieta zote? Nimepigiwa simu nikaambiwa serikali inatoa bure, nikubali? Mwongozo huu nimemwandikia Mswahili anayeishi Uingereza, mwenye nyumba yake au anayekaribia kununua, ambaye leo anapasha nyumba kwa boila ya gesi.

Mimi naona pampu yenyewe haina la kutiliwa shaka. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni nyumba. Pampu ya aina moja ikifungwa katika nyumba mbili za mtaa mmoja, jirani mmoja ataisifu na mwingine atailaani, na ukifuatilia utakuta tofauti iko kwenye redieta, kwenye dari na kwenye vipimo alivyochukua fundi. Uzuri ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi huo unaweza kuifanya mwenyewe, na jaribio lililo muhimu kuliko yote (hatua ya 4) halina gharama.

Inavyofanya kazi, kwa kifupi

Weka mkono nyuma ya friji utasikia joto. Joto hilo limetolewa kwenye vyakula vilivyo ndani likatupwa nje. Pampu ya joto hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe inalichukua joto kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani ya nyumba. Feni huvuta hewa ipite kwenye mabomba yenye gesi maalumu, kompresa inaibana gesi hiyo mpaka inakuwa ya moto, kisha moto wake unahamishiwa kwenye maji yanayokwenda kwenye redieta.

Watu hushangaa hewa ya baridi inatoa joto wapi. Propani, ambayo pampu nyingi mpya huitumia kwa jina la R290, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa gesi ya namna hiyo, hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri bado ni ya moto. Norway, Sweden na Finland zina baridi kali kuliko Uingereza, na ni miongoni mwa nchi zenye pampu nyingi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya kaya.

Shika namba moja tu. Kwa kila yuniti 1 ya umeme (yuniti ile ile unayoijua kwenye LUKU au tokeni za KPLC), pampu iliyofungwa vizuri hutoa yuniti 3 hadi 4 za joto kwa wastani wa mwaka. Mafundi huiita namba hiyo SCOP. Haikai palepale: kadiri unavyodai maji ya redieta yawe ya moto zaidi, ndivyo inavyoshuka. Maji ya nyuzi 40 pampu huyatoa bila taabu, lakini ukiidai nyuzi 60 itakula umeme. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Bili za gesi za mwaka mzima, au akaunti yako ya mtandaoni inayoonyesha yuniti (kWh) ulizotumia miezi 12 iliyopita.
- Bei unayolipa kwa yuniti moja ya gesi na yuniti moja ya umeme, pamoja na tozo ya kila siku. Zote zimo kwenye bili.
- Cheti cha EPC cha nyumba, kinachoonyesha nyumba inatumia nishati kwa ufanisi kiasi gani. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali kwa kutafuta anwani yako.
- Futi ya kupimia.
- Vipimajoto vya chumba viwili au vitatu. Vya bei ya chini vinatosha.
- Kitabu cha maelekezo cha boila uliyonayo.
- Hati zinazoonyesha unamiliki nini: nyumba pamoja na ardhi, au fleti ya mkataba wa miaka mingi.

Hatua ya 1: Hakikisha uamuzi ni wako

Kama umepanga, iwe kwa kaunsili au kwa mtu binafsi, huwezi kubadilisha boila bila ruhusa ya mwenye nyumba. Unaweza kumpendekezea, maana mwenye nyumba binafsi naye anaruhusiwa kupata ruzuku, lakini usilipe chochote kwa jina lako. Ukiwa na fleti, mara nyingi kuta za nje ni mali ya anayemiliki jengo, kwa hiyo utahitaji kibali chake kwa maandishi kabla kifaa hakijawekwa nje. Majengo ya kihistoria yanayolindwa yanahitaji ruhusa ya kaunsili.

Nyumba ya kawaida, yaani iliyosimama peke yake, iliyoungana na jirani mmoja au iliyo katika safu, kwa kawaida haihitaji kibali cha ujenzi, mradi masharti ya ukubwa na kelele yafuatwe. Ile sheria ya kukaa mita moja kutoka mpaka wa jirani iliondolewa England mwezi Mei 2025, kwa hiyo ukiambiwa uwanja wako ni mdogo kwa sababu hiyo, muulize aliyekuambia ametumia masharti ya mwaka gani.

Hatua ya 2: Kadiria nyumba yako inahitaji pampu ya ukubwa gani

Chukua yuniti za gesi za mwaka mzima, ugawe kwa 2,900. Jibu ni kilowati zinazokaribia mahitaji ya nyumba yako siku ya baridi kali. Nyumba inayotumia yuniti 12,000 kwa mwaka itapata kama kilowati 4. Inayotumia 20,000 itapata karibu 7.

Kama mita yako inasoma mita za ujazo na huna bili, zidisha kila mita ya ujazo kwa 11 upate yuniti.

Makadirio haya hayachukui nafasi ya vipimo vya fundi. Kazi yake ni kukukinga. Fundi akija na pendekezo la kilowati 12 kwa nyumba ambayo hesabu yako inasema 5, muombe aonyeshe vipimo vyake chumba kwa chumba. Pampu kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima mara kwa mara, inachakaa upesi, na umeme unaenda bure.

Tahadhari: hesabu hii inadanganya kama mwaka jana mlikuwa mnabana matumizi. Familia nyingi zetu hupasha chumba kimoja, watoto wanavaa masweta ndani, na boila inawashwa asubuhi na jioni tu. Bili yake itakuwa ndogo huku nyumba ikiwa inavuja joto kweli kweli. Kama ndivyo mlivyoishi, usiitegemee namba hii. Jaribio la hatua ya 4 ndilo litakalokuambia ukweli.

Hatua ya 3: Ziba panapovuja

Anza na dari. Panda juu upime unene wa sufi ya kuhami joto kwa futi. Kiwango kinachopendekezwa Uingereza ni milimita 270. Ukikuta 100 iliyolala na kujaa vumbi, ongeza. Hakuna senti itakayokurudishia zaidi ya hiyo. Kisha soma EPC uone kuta zako ni za aina gani. Nyumba nyingi zilizojengwa baada ya miaka ya 1920 zina kuta za matabaka mawili zenye uwazi katikati, na uwazi huo unaweza kujazwa. Za zamani zaidi zina ukuta mzima wa tofali, ambao kuuhami ni kazi ghali. Usiache kufikiria pampu kwa sababu ya ukuta wa tofali tu. Utahitaji redieta kubwa zaidi, basi.

Usiku wa upepo, pitisha kiganja kando ya milango, kwenye tundu la barua na pale mabomba yanapotoboa ukuta chini ya sinki. Ukisikia ubaridi, ziba.

Usizibe matundu ya kupitisha hewa yaliyojengwa kwa makusudi, hasa katika chumba chenye moto wa gesi au kuni. Hewa yenye sumu huua watu wakiwa usingizini. Na kama kuna madoa meusi ya ukungu kwenye kona ya chumba cha watoto nyuma ya kabati, usipake rangi juu yake ukadhani pampu itayaondoa. Kwanza tafuta unyevu unatoka wapi: mara nyingi ni nguo zinazoanikwa kwenye redieta madirisha yakiwa yamefungwa, au feni ya bafuni iliyokufa.

Hatua ya 4: Fanya jaribio la nyuzi 50

Hili ndilo jaribio ninalomsisitizia kila anayeniuliza. Unaifanya boila yako ya gesi ijifanye pampu ya joto, kisha unaangalia nyumba inaitikiaje.

Subiri siku za baridi, nje kukiwa karibu na sifuri. Nenda kwenye boila utafute kitufe cha kupanga joto la maji ya redieta. Boila ya kombi, ile isiyo na tangi, huwa na vitufe viwili: kimoja chenye alama ya redieta na kingine chenye alama ya bomba. Gusa cha redieta tu. Mara nyingi utakikuta kimewekwa 70 au 75, hivyo hivyo fundi alivyokiacha. Kishushe mpaka 50.

Fungua vali za redieta zote mpaka mwisho. Weka themostati nyuzi 20 au 21, kisha iache boila ifanye kazi mchana kutwa, na usiku ishushe digrii moja au mbili tu. Weka vipimajoto katika vyumba unavyovishuku: cha kaskazini, cha juu ya gereji, sebule yenye dirisha kubwa. Ipe nyumba siku mbili au tatu, kwa sababu kuta zenyewe huchukua muda kupata moto.

Ukiona vyumba vyote vimefika joto unalotaka, nyumba yako iko tayari kwa pampu, na pengine hutabadilisha redieta hata moja. Shusha tena mpaka 45 uone. Kama chumba kimoja au viwili vimebaki nyuma, andika majina yake. Hapo ndipo redieta zitakapobadilishwa. Nyumba nzima ikibaki na baridi, rudi hatua ya 3, au jiandae kwa kazi kubwa ya redieta.

Makosa yanayoharibu jaribio hili ni mawili. La kwanza ni kuwasha kwa saa mbili asubuhi na saa tatu jioni kama mlivyozoea. Maji ya vuguvugu yanahitaji muda mrefu, kwa hiyo ukiyapa saa mbili yataonekana hayana kazi. La pili ni kugusa redieta, kuikuta si ya moto, na kukata tamaa. Soma kipimajoto cha chumba. Mkono hauwezi kukuambia hewa ya chumba imefika nyuzi ngapi.

Onyo kwa wenye boila yenye tangi la maji moto: ukishusha joto la boila, maji ya tangini nayo yanaweza kubaki chini ya nyuzi 60, na bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Kwa siku za jaribio, tumia hita ya umeme iliyomo ndani ya tangi kuyafikisha 60, au rudisha boila juu mara jaribio likiisha.

Hata ukiamua kubaki na gesi, usirudishe kitufe kwenye 75 kama nyumba imepata joto kwa 50. Boila za kisasa hugeuza mvuke wa moshi wake kuwa maji na kurudisha joto lake pale tu maji yanaporudi yakiwa yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi. Utaona tofauti kwenye bili.

Hatua ya 5: Pima redieta na mabomba

Kwa kila redieta ya vyumba vilivyobaki nyuma, andika urefu, kimo na idadi ya bamba. Itazame kwa juu: bamba moja, au mawili yenye mabati ya mikunjo katikati. Redieta iliyoandikwa dukani wati 1,000 hutoa kiasi hicho maji yakiwa wastani wa nyuzi 70. Yakiwa 45, hutoa kama wati 400 tu. Ndiyo sababu mara nyingi unatoa ya bamba moja na kuweka ya bamba mbili yenye urefu ule ule, bila kuhamisha bomba.

Angalia pia mabomba yanayoingia kwenye redieta. Ya milimita 15 yana nafuu. Ukikuta membamba ya milimita 8 au 10, mwambie fundi mapema, kwa sababu pampu inahitaji maji mengi yazunguke na bomba jembamba linaweza kuyakaba.

Hatua ya 6: Tafuta nafasi, nje na ndani

Nje kinahitajika kifaa chenye upana wa kama mita moja, kikiwa na hewa wazi mbele yake. Usikisukume kwenye kona iliyofungwa pande tatu, kwa sababu kitavuta hewa ya baridi kinayoitoa chenyewe. Kikiwa cha R290 kisiwe karibu na dirisha, mlango au mfereji, maana propani ni nzito kuliko hewa na inashika moto. Fundi anajua umbali unaotakiwa. Kila siku ya baridi kifaa hiki hudondosha maji, hivyo yaelekezwe kwenye kokoto au bombani. Yakimwagika njiani yatakuwa barafu alfajiri, na mtu atateleza.

Ndani ndiko kwenye mtihani wa wengi. Ukiwa na kombi umezoea maji moto papo hapo. Pampu inahitaji tangi, na tangi linakula kabati zima. Familia ya watu watano iangalie lita 250 hivi. Hapa uwe mkweli kwa fundi kuhusu maisha ya kwenu. Fundi wa Kiingereza ataona vyumba vitatu ahesabu watu watatu au wanne, kumbe shangazi amekuja kukaa miezi sita, wikendi kuna wageni, na alfajiri watu wanatawadha. Tangi la lita 250 likiisha, pampu ndogo itahitaji kama saa mbili kulijaza joto tena. Mwambie idadi halisi.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya pesa kwa bei zako

Bei hubadilika kila miezi mitatu, kwa hiyo jifunze hesabu. Gawa bei ya yuniti ya umeme kwa bei ya yuniti ya gesi, kisha zidisha kwa 0.88, ambao ni ufanisi wa boila ya wastani. Tuseme umeme ni peni 26 na gesi peni 6.5: unapata 4, mara 0.88 ni 3.5. Maana yake SCOP ikiwa 3.5 utalipa sawasawa na gesi. Ikizidi unaokoa, ikipungua unaongeza.

Kwa nyumba ya yuniti 12,000 za gesi, kwa bei hizo, gesi ni kama pauni 780 kwa mwaka. Pampu yenye SCOP ya 3 itakula umeme wa pauni 915. Ya 4 itakula wa pauni 686. Tofauti hiyo ya zaidi ya pauni 200 inatokana na jinsi ilivyofungwa na joto la maji, na ndiyo inayowagawa majirani wanaosifu na wanaolaani.

Mambo mawili hubadilisha hesabu. Yapo makampuni yenye bei maalumu ya umeme kwa wenye pampu, nafuu katika saa fulani za siku. Unahitaji mita janja kuzipata. Na ukiondoa gesi kabisa, unaacha kulipa tozo ya kila siku ya gesi. Ila ukitaka kuiondoa gesi kabisa, hata jiko la gesi litaondoka. Ukienda kwenye jiko la induction (la umeme, linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku), sufuria za aluminiamu ulizobeba kutoka nyumbani hazitapata moto juu yake. Jaribu na sumaku: inayonasa chini ya sufuria itapika, isiyonasa haitapika.

Kama leo unapasha kwa hita za umeme za kawaida, huhitaji hesabu ndefu. Kila yuniti unayonunua inakupa yuniti moja tu ya joto, na pampu itakupa tatu au zaidi kwa bei ile ile. Hapo mtihani ni nafasi na gharama ya kuweka redieta.

Hatua ya 8: Ruzuku na fundi

England na Wales kuna ruzuku iitwayo Boiler Upgrade Scheme, inayosimamiwa na Ofgem, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Tangu Oktoba 2023 inatoa pauni 7,500 kwa pampu ya hewa-kwa-maji, ndiyo hii tunayoizungumzia. Wewe huombi, fundi aliyesajiliwa MCS (mfumo wa kuthibitisha mafundi wa kazi hizi) ndiye anayeomba, na kiasi hicho kinakatwa kwenye bei yako. Nyumba za kaunsili na za mashirika ya makazi hazimo. Scotland ina mpango wake kupitia Home Energy Scotland: ruzuku ya pauni 7,500, nyongeza kwa walio vijijini, na mkopo usio na riba kwa anayetaka. VAT kwenye kazi hii ni sifuri katika England, Wales na Scotland mpaka tarehe 31 Machi 2027.

Omba makadirio ya mafundi watatu, na kila mmoja ajibu haya kwa maandishi:

1. Kila chumba kinapoteza wati ngapi, na umepima kwa joto gani la nje?
2. Maji yatatoka kwenye pampu kwa nyuzi ngapi siku ya baridi kali? (Tafuta 45 au chini. Ya 55 uliza kwa nini.)
3. SCOP ni ngapi kwa joto hilo hilo?
4. Redieta zipi zinabadilishwa, kwa ukubwa gani?
5. Tangi ni la lita ngapi, na litakaa wapi?
6. Nani atakuja kurekebisha mipangilio baada ya baridi ya kwanza?

Asiyeingia chumba hata kimoja na futi mkononi, mshukuru umuage. Anayekupigia simu au kubisha hodi akisema serikali inatoa bure lakini usaini leo, usimpe jina, benki wala tarehe ya kuzaliwa. Ipo misaada kamili kwa kaya za kipato cha chini, lakini ulizia mwenyewe kwa kaunsili yako.

Hatua ya 9: Kuiendesha

Iache ifanye kazi. Usiizime unapokwenda kazini, ishushe digrii moja au mbili tu. Hakikisha fundi amewasha mpangilio wa kufuata hali ya hewa ya nje, ambao hushusha joto la maji nje kunapokuwa na nafuu. Kisha, nyumba ikiwa na joto la kutosha, shusha mpangilio huo kidogo kila baada ya siku mbili mpaka usikie ubaridi, ndipo upandishe hatua moja. Acha vali za redieta wazi. Ukizifunga nyingi, maji hayazunguki.

Ikileta shida

Moshi mweupe unatoka nje asubuhi. Ni mvuke. Barafu hujikusanya kwenye mapezi ya kifaa, na pampu huiyeyusha yenyewe kwa dakika chache. Hakuna kinachoungua.

Barafu imeganda nene na haiyeyuki kutwa. Zima, piga simu kwa fundi. Usiigonge kwa kisu wala kumwagia maji ya moto. Mapezi hupinda na bomba likitoboka gesi itatoka.

Bili imeruka. Angalia kwanza hita ya umeme ya tangini, mara nyingi imeachwa imewashwa na inakula peke yake yuniti kwa yuniti. Kisha soma joto la maji: kama mtu amelipandisha mpaka 55, lirudishe.

Inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Fungua vali zilizofungwa na uondoe themostati za vyumba zinazokata maji. Ikiendelea, huenda ni kubwa kuliko nyumba. Rudi kwa fundi na namba yako ya hatua ya 2.

Chumba kimoja kina baridi, vingine sawa. Toa hewa kwenye redieta kwa ufunguo wake mdogo. Kama haijasaidia, maji hayagawanyiki sawa na fundi arekebishe vali za chini.

Mtetemo unasikika chumbani. Kagua mipira chini ya miguu ya kifaa na bomba linaloshikwa na ukuta bila mpira.

Umeme umekatika usiku wa baridi kali na bomba la nje linadondosha maji. Kama umewekewa vali za kuzuia kuganda, hiyo ndiyo kazi yake: zinamwaga maji yasipasue pampu. Usizikaze. Umeme ukirudi, angalia presha na ujaze mfumo kabla ya kuwasha.

Na nyumba unayojenga Afrika Mashariki?

Swali hili nalo huja sana. Kupasha nyumba nzima kwa redieta Nairobi, Arusha au hata Limuru hakuna haja. AC yenye uwezo wa kutoa joto, ambayo nayo ni pampu ya joto, inatosha kwa majuma machache ya Juni na Julai. Kwa maji ya kuoga, anza na tangi la jua kwenye paa. Pampu ya joto ya maji inaleta maana kwenye nyumba ya wageni, hosteli au familia kubwa isiyo na paa lenye jua la kutosha: hewa ya joto ya Dar es Salaam au Mombasa inairahisishia kazi, na inavuta umeme kidogo sana ukilinganisha na shawa ya umeme, ambayo peke yake huvuta kilowati 4 au 5 inapowashwa. Kabla ya kununua, hakikisha kuna fundi wa AC mjini hapo anayeijua gesi yake, spea zinapatikana, na umeweka kifaa cha kulinda volti.